Meno Yanayokufa Ganzi: Kabla Hujaomba Kung'olewa

Hotuba kwa akina mama, wazee na vijana wa mtaa mmoja wa Tanga mjini, katika wiki ya maadhimisho ya Siku ya Afya ya Kinywa na Meno Duniani

Ndugu Mwenyekiti wa mtaa, viongozi wa dini mliopo, akina mama wa vikundi, itifaki imezingatiwa. Wazee wangu, shikamooni. Assalaam alaykum. Tumsifu Yesu Kristo. Na waliobaki wote, habari za asubuhi.

Mwenyekiti amenionya kwamba kuna watu hapa wameacha biashara mezani, kwa hiyo nisiwaweke. Nitazungumzia jambo moja tu. Meno yaliyooza tutayaacha siku nyingine, na harufu ya kinywa pia tuiache. Leo nataka tuongee kuhusu jino zima, jeupe, lisilo na tundu lolote, ambalo ukinywa maji ya baridi linakushtua mpaka sikioni. Wengine mnasema meno yamekufa ganzi, wengine yanasisimka, wengine yanashtuka. Mnasema kitu kile kile.

Nimechagua hilo kwa sababu moja. Watu wanakuja kliniki, wanafungua mdomo, wananyoosha kidole: "Daktari, ling'oe tu, limenichosha." Unaangalia, jino halina ubaya wowote. Limesimama imara, mzizi mzuri, lingeweza kumtumikia huyo mama miaka thelathini. Na akikataliwa hapa anakwenda kwingine, huko wanamng'olea. Jino la ganzi haling'olewi. Ganzi ina chanzo chake, na chanzo hicho mara nyingi kinaondolewa kwa gharama ndogo kuliko nauli ya kwenda na kurudi kung'oa.

Sasa tuingie ndani ya jino kidogo, mnivumilie. Tabaka la nje linaitwa enameli. Ndicho kitu kigumu kuliko vyote mwilini, hata mfupa haufui dafu mbele yake. Karibu asilimia 96 ya uzito wake ni madini. Haina neva wala damu, kwa hiyo haihisi chochote. Lakini kwa kuwa haina chembe hai, ikilika ndiyo basi, haioti tena. Ngozi ikichunika inarudi, mfupa ukivunjika unaunga, enameli hapana.

Chini ya enameli ipo dentini, na hapo ndipo penye habari yetu. Dentini imejaa mirija myembamba mno, haionekani kwa macho, inayotoka upande wa nje kwenda kwenye kiini cha jino palipo na neva. Katika eneo la milimita moja tu ya mraba mirija hiyo ni makumi ya maelfu, na kila mmoja una majimaji ndani. Ikiwa imefunikwa, hujui hata kama ipo. Ikifunuka, utajua.

Mmewahi kunywa dafu kwa mrija. Ukivuta huku juu, maji ya kule chini kabisa yanasogea papo hapo. Katika miaka ya 1960, mtaalamu wa Sweden aitwaye Martin Brännström alionyesha kwamba jino linafanya hivyo hivyo: baridi ikigusa dentini iliyo wazi, majimaji ya ndani ya mirija yanasogea ghafla, na neva iliyo mwisho wa mrija inasikia mvuto huo. Upepo wa mdomoni unayakausha, matokeo ni yale yale. Sukari nayo huyavuta. Ndiyo maana mtu analalamika kuhusu vitu vitatu ambavyo havina undugu: maji ya friji, kijiko cha asali, na upepo wa kwenye bodaboda akicheka.

Na ndiyo maana panado haina kazi hapa. Maumivu ya ganzi yanakuja na kuondoka ndani ya sekunde chache. Yanakwisha kabla kidonge hakijafika tumboni.

Mtaniuliza, mbona wazee hawalalamiki sana kama vijana? Kwa sababu jino halikai bure. Kadiri umri unavyokwenda, linajijengea dentini nyingine upande wa ndani na mirija inapungua upana. Ganzi inawasumbua zaidi watu wa kati ya miaka 20 na 50 hivi. Babu mwenye mizizi yote nje anatafuna barafu, mjukuu wake hawezi kunywa maji ya mtungi.

Tufanye jambo moja kwa pamoja. Naomba kila mmoja, kama mikono ni misafi, aweke ukucha kwenye jino la chonge la juu, upande wa kushoto. Anza kwenye ncha, panda taratibu kuelekea kwenye fizi. Kama ukucha umeteleza mpaka kwenye fizi bila kukwama, vizuri. Kama umeingia kwenye kijishimo, kijimfereji kilicholala pembeni ya fizi, hapo ndipo. Namwona mzee pale ameruka. (Kicheko ukumbini.) Pole mzee wangu, umejipima mwenyewe.

Kwa nini nimesema kushoto? Kwa sababu wengi wetu tunatumia mkono wa kulia, na mkono wa kulia unapopiga mswaki unakandamiza zaidi kwenye chonge la kushoto na magego madogo yanayolifuata. Pale kwenye shingo ya jino enameli inaishia. Mzizi umefunikwa na ngozi nyembamba tu ya madini ambayo haikuumbwa kukutana na mswaki. Mlinzi wake ni fizi. Ukiisukuma fizi asubuhi na jioni, mwaka baada ya mwaka, inarudi nyuma, mzizi unabaki uchi, na hiyo ngozi nyembamba inafutika upesi.

Nitasema wazi, hata kama kuna wenzangu wa afya humu hawatapenda: wengi wenye ganzi si wachafu. Ni wasafi kupita kiasi. Tumekaa miaka na miaka tukihimiza watu wapige mswaki, tukifika shuleni tunaimba nao, lakini nguvu ya mkono hatukuizungumzia.

Mliambiwa mje na miswaki yenu. Ninao hapa mmoja, mwenyewe ameniruhusu kuuonyesha, sitamtaja. Anasema ameununua mwezi uliopita. Tazameni nywele zake: zimelala pande zote mbili, katikati pamebaki njia. Mswaki ukitumiwa vizuri unakaa miezi mitatu nywele zikiwa bado zimesimama. Huu umelala ndani ya wiki nne, na kama nywele za nailoni zimefika hapo, fizi je? Nunueni mswaki laini. Dukani mtapewa mgumu, muuzaji anaamini unadumu. Ushikeni kwa vidole, msiushike kwa ngumi. Nywele zielekee kwenye fizi kwa mshazari, zungusha kidogo kidogo, jino kwa jino. Kwenda na kurudi kwa nguvu mwachie anayesugua sufuria.

Mswaki wa mti siupingi hata kidogo, ni sunna kwa wengi wenu na kama unatumiwa vizuri unasafisha. Lakini tafuna ncha mpaka ilainike kabisa, kata ile iliyochakaa, na usugue kutoka kwenye fizi kuelekea ncha ya jino. Anayeukokota kulia na kushoto mchana kutwa, huku akiongea na watu barazani, anachimba shingo za meno yake mwenyewe. Na bado anahitaji dawa ya meno yenye floraidi, yale madini yanayoimarisha enameli, walau jioni.

Mkaa wa kusaga, majivu, mchanga, na ule ujumbe unaozunguka WhatsApp wa ndimu na magadi soda kung'arisha meno: acheni. Ndimu inalainisha enameli, magadi yanaikwangua, siku ya tatu meno ni meupe kweli kwa sababu umetoa ngozi ya juu. Tuna ndugu zetu waliokulia Arusha na sehemu za Kilimanjaro, ambako maji ya visima vingi yana floraidi nyingi, na magadi ya kupikia maharage nayo yanaiongeza. Wana meno ya kahawia. Ile rangi iliingia jino likiwa bado linaumbika utotoni, ipo ndani ya enameli yenyewe, kwa hiyo unaweza kuisugua mpaka kiama. Utaondoa enameli, rangi itabaki.

Chanzo cha pili ni uchachu, na hapa Tanga tumezungukwa nao. Jirani yetu ni Muheza. Msimu wa machungwa ukifika, kila kona kuna kijana na toroli: analimenya kwa kisu chembamba, ganda linashuka refu bila kukatika, anakata kifuniko juu, wewe unabana kwa meno ya mbele na kufyonza. Unamaliza, unachukua jingine. Bado hatujasema embe bichi na pilipili, mabuyu, juisi ya ukwaju, achari.

Uchachu una kipimo chake, pH. Maji safi ni 7, na namba inavyoshuka ndivyo uchachu unavyozidi. Enameli huanza kuyeyuka inaposhuka chini ya 5.5 hivi, na dentini haisubiri mpaka hapo, inaanza mapema zaidi. Maji ya ndimu yako kwenye 2 na kitu, soda za kola kwenye 2.5, ukwaju karibu na 3. Siwaambii msile machungwa, nitafukuzwa mjini. Ninachosema ni kwamba idadi ya mara ina madhara kuliko wingi. Machungwa matatu baada ya chakula, ukasukutua maji, mate yatafanya kazi yake na ndani ya nusu saa au saa moja kinywa kimetulia. Lakini kijana wa bodaboda anayebeba chupa ya kinywaji cha kuongeza nguvu na kukinywa funda moja moja tangu asubuhi hadi adhuhuri, huyo hayapi mate nafasi hata kidogo.

Na kosa kubwa ni kukimbilia mswaki mara tu baada ya kitu kichachu. Enameli imelainika wakati huo. Mwezi wa Ramadhani ndio naliona sana: mtu anafuturu kwa juisi ya ukwaju au ya ukwaju na embe, kisha anapiga mswaki haraka haraka awahi tarawehe. Sukutua kwa maji, nenda kaswali, mswaki piga ukirudi, kabla ya kulala. Na piga tena baada ya daku.

Mama mjamzito anayetapika asubuhi, kile kinachotoka tumboni ni asidi kali kuliko ndimu. Asipige mswaki hapo hapo. Kijiko kidogo cha magadi soda, yale ya kupikia maandazi, kwenye kikombe cha maji, asukutue na kutema. Hapo ndipo magadi soda yanapofaa, yakiwa yameyeyuka kwenye maji, bila kusugua. Wenye kiungulia cha kila usiku nao wajiangalie meno ya mbele ya juu kwa upande wa nyuma, ule unaoguswa na ulimi. Asidi inayopanda inayala meno pale, na mtu haoni mpaka meno yawe membamba kama karatasi.

Kuna na wanaosaga meno usingizini. Mnasema minyoo. Kwa mtu mzima, tafuteni kwanza mawazo na msongo. Sitakaa hapo.

Ila kuna moja linalotuharibia kazi yetu. Mtu ana ugaga mgumu kwenye meno ya chini, tumemsafisha, amerudi baada ya siku mbili amekasirika: "Mmenilegeza meno, sasa yana ganzi." Ule ugaga ulikuwa umeufunika mzizi na kuila fizi chini kwa chini. Umeondoka, mzizi umeona hewa kwa mara ya kwanza baada ya miaka. Ganzi hiyo inapungua yenyewe ndani ya siku chache, mara nyingine wiki mbili tatu. Ugaga ungebaki, baada ya muda meno yangelegea kweli.

Sasa sikilizeni vizuri hapa, kwa sababu si kila kinachoshtuka ni ganzi. Maumivu ya ganzi yana sababu unayoiona na yanakatika sababu ikiondoka. Kama umekunywa maji ya baridi na jino likaendelea kuuma dakika moja, tano, kumi baada ya kumeza, kiini kimevimba. Kama linakuamsha usiku bila kuguswa na kitu, vivyo hivyo. Kama chai ya moto ndiyo inayokuumiza na maji ya baridi yanakupa nafuu, neva iko njiani kufa. Na kuna hili la wala wali: umeng'ata kijiwe kwenye mchele, kuanzia siku hiyo jino linauma ukibana, na linauma zaidi unapoachia. Hilo limepasuka, njoo upesi kabla ufa haujafika kwenye mzizi. Uso ukivimba, homa ikipanda, ukashindwa kumeza au kufungua mdomo, usisubiri kesho wala zamu ya kliniki, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Tiba yenyewe ni nini? Ukishaacha kinachofunua, kinachobaki ni kuziba mirija au kuituliza neva. Kuna dawa za meno zilizotengenezwa kwa ajili hiyo, boksi huandikwa sensitive. Geuza boksi usome viungo. Ukikuta potasiamu naitreti, hiyo inaituliza neva. Ukikuta stanasi floraidi au arginini, hiyo inaziba midomo ya mirija. Tatizo la watu wetu ni kwamba wanaitumia siku nne, wanasema haifai, wanarudi kwenye ya zamani. Ile ya potasiamu inahitaji wiki mbili hadi nne, asubuhi na usiku bila kukosa, ndipo uanze kuhukumu. Ukimaliza kupiga mswaki usiku, chukua kidogo kwa kidole, paka pale penye ganzi, tema povu, usisukutue kwa maji, lala. Na kama hiyo maalumu imekushinda bei, dawa ya kawaida yenye floraidi, ile ambayo kipimo chake cha floraidi kimeandikwa ppm 1,000 hadi 1,500, ukiipaka hivyo hivyo na kutosukutua, inasaidia wengi.

Kliniki tuna vanishi ya floraidi, tunaipaka kwa brashi dakika chache, haina sindano. Na kama kile kijishimo kimekuwa kirefu, tunakijaza kwa simenti ya glasi ionoma, inayoshika kwenye jino na kutoa floraidi kidogo kidogo. Wengi mnaogopa mashine, lakini kujaza kijishimo cha shingo mara nyingi hakuhitaji mashine. Tena mjue, ile njia ya kusafisha tundu kwa vyombo vya mkono peke yake, bila umeme, kisha kuziba, ilianzia hapa kwetu Tanzania katikati ya miaka ya 1980, kwa kazi ya Mholanzi Jo Frencken na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Siku ya Afya Duniani ya 1994 Shirika la Afya Duniani likaitangaza kwa nchi zote. Mwaka 2021 shirika hilo hilo likaziingiza dawa ya meno yenye floraidi na simenti ya glasi ionoma kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Nchi nyingine zimejifunza kuziba jino bila umeme kutoka kwetu, na sisi wenyewe bado tunapanga foleni ya kung'oa.

Nimeahidi kutowaweka. Maswali.

Mama mmoja aliuliza kuhusu mafuta ya karafuu, kwa kuwa nyumbani kwao Pemba ndiyo dawa. Nikamjibu: yanatuliza kweli, yana kitu kiitwacho yujenoli ambacho hata sisi tunakitumia kwenye dawa zetu. Lakini hayazibi mirija, nguvu ikiisha ganzi inarudi. Na mafuta mazito ukiyamwaga moja kwa moja yanaunguza fizi, tunaona vidonda vyeupe.

Baba mmoja akauliza juu ya mwanawe wa miaka saba anayekataa kupigwa mswaki upande mmoja na kulia akinywa kitu baridi. Mtoto wa umri huo ndio kwanza magego ya ukubwani yameota. Mwangalie nyuma kabisa: kama gego lina mabaka meupe kama chaki, au ya njano, au kahawia, na linamomonyoka, enameli yake iliumbwa dhaifu. Halikuharibiwa na pipi, kwa hiyo usimchape. Mlete mapema, tulipake vanishi au tulizibe kabla halijatoboka, maana hilo ndilo gego analotakiwa kufika nalo uzeeni.

Wa mwisho alikuwa mzee wa makamo, amekaa karibu na mlango. Akasema: "Daktari, mimi nimeshang'oa mawili kwa ajili ya hiyo ganzi. Sasa imehamia la tatu."

Haikuhama, mzee wangu. Ulipong'oa lile la kwanza, mfupa wa pale ulishuka na fizi ikashuka nao, mzizi wa jirani ukafunuka upande wa pengo. Jirani naye akaanza kulalia pengo, chakula kikawa kinakwama, ukachokonoa kwa kijiti. Ukang'oa na hilo, jambo likajirudia kwa anayefuata. Mkono unaopiga mswaki ni ule ule na ndimu kwenye supu ni ile ile. Njoo kliniki Jumanne asubuhi, uje na mswaki unaoutumia, tuone kama la tatu linahitaji simenti au dawa ya kupaka tu. Na tafadhali usije umelipaka karafuu, maana likiwa limelala sitajua ni lipi.